Fundi Rangi Mbele ya Picha ya Theluji

Mimi ni fundi rangi, na nimeipaka Stockholm kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nimepaka ngazi za maghorofa, majiko ya watu, vyoo vya shule, na ofisi ambazo leo nikipita nje yake hakuna anayenikaribisha hata maji. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilipoanza kwenda kutazama picha za Wafaransa, sikwenda kama mtu asiyejua brashi. Nilikwenda kama mtu anayeijua kupita kiasi, na hilo ndilo lililokuwa limenitia matatani.

Ufundi wetu una sheria moja kubwa: alama ya brashi isionekane. Ukuta ukishakauka, mtu asiweze kujua ulipakwa asubuhi au jioni, na mwenye furaha au mwenye njaa. Tunaukagua kwa karibu, pua nusura iguse, na taa tunaishika ubavuni ili mwanga utambae juu ya ukuta na kufichua kila kivimbe. Baba yangu kule Tanga alipaka watu chokaa kabla ya Idi, na baada ya siku tatu alirudi kukagua kazi yake bila kuitwa na mtu. Nimerithi mikono yake, na ukali wake pia.

Ndiyo maana mwezi wa pili ule, mke wangu aliponiambia kwamba mama yake anakuja kutoka Nakuru kukaa nasi wiki sita, jambo la kwanza nililofikiria ni ukuta. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini mama mkwe akija, mwenyeji hupona baada ya kuhangaika kwanza. Tunaishi Alby, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, ghorofa ya sita. Chumba kilichokuwa wazi ni cha binti yetu wa pekee, ambaye alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikuwa amehamia kwenye chumba cha kupanga kule Tensta, karibu na shule alikokuwa akifanya kazi ya usaidizi. Kila Jumapili alikuja nyumbani, akala, akajifungia chumbani kwake saa nzima au mbili, kisha akarudi kwake. Mimi nilidhani analala.

Ukuta mmoja wa chumba kile ulikuwa umejaa rangi. Sikuwa kipofu, niliuona kila nilipoingia kufunga dirisha au kutoa sanduku kabatini. Madoa, mistari mifupi, rangi nene iliyokaukia juu ya rangi nyingine. Chumba ni chembamba: kitanda upande huu, ukuta ule upande wa pili, na katikati pa kupita mtu mmoja. Nilijua binti anapenda kuchora. Nilijua pia sisi mafundi tunavyofanya kabla ya kuchagua rangi: unajaribu kidogo hapa, kidogo pale, unangoja ikauke. Nikasema moyoni, mtoto wa fundi huyu, anajaribu rangi. Siku akiipata anayoitaka atatafuta karatasi achore.

Mke wangu alikuwa zamu mwisho wa wiki ule, katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, na binti alikuwa ametuma habari kwamba Jumapili mbili hatakuja, ana kazi shuleni. Nikahamisha kitanda sebuleni, nikapiga msasa, nikaziba mashimo, nikapaka praima, nikapaka nyeupe mara mbili. Nilifanya kazi huku nikiimba. Jioni ya Jumapili nilimulika taa ubavuni na haukuonekana hata unywele wa brashi. Ni miongoni mwa kuta nilizozipaka vizuri zaidi maishani mwangu, na naandika hivyo kwa aibu.

Mama mkwe alifika, akalala, akausifia ukuta. Wiki ya pili binti akaja kumwamkia bibi yake. Bibi alimtuma chumbani akamletee mtandio, naye akakaa mle ndani muda mrefu kuliko mtandio mmoja unavyohitaji. Alipotoka alimfunika bibi mabegani, akammiminia chai, akaketi, akacheka palipostahili kucheka. Tulimfundisha wenyewe kwamba mbele ya mgeni hakuna ugomvi. Nilipomsindikiza mlangoni, akiwa anafunga kamba za viatu, alisema bila kuinua kichwa, kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini: "Wewe baba hujawahi kutazama picha hata moja maishani mwako."

Akafunga mlango taratibu. Baada ya siku hiyo hakuja tena Jumapili, na simu zangu hakupokea.

Usiku ule ule nilimuuliza mke wangu ana nini mtoto.

"Si ni ile picha yake umefuta," akasema.

"Picha gani?"

"Ya ukutani. Mimi niliporudi kazini nikapata umepaka nyeupe, nikadhani mmeongea. Kwani wewe ulidhani ni nini?"

"Majaribio," nikasema. "Majaribio ya rangi."

Alinitazama, akashika shavu. Nikamwuliza ilikuwa picha ya nini. Akasema, "Hiyo enda uulize mwenye kuchora." Nilimbembeleza wiki nzima na hakuniambia. Mke wangu akisema hapana, ni hapana ya Nakuru, haina mlango wa nyuma.

Alishauri tumtume dada yangu anayeishi Uppsala. Kwetu mzazi akimkosea mtoto, haendi mwenyewe. Shangazi hutumwa, hunywa chai, husema maneno ya jumla juu ya wazazi na watoto, na mwishowe ni mtoto anayeinama kuomba radhi, halafu mambo yanaisha bila mzazi kutamka chochote. Nimeona mambo mengi yakiishia hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake. Safari hii nilikataa. Sikuwa naelewa kosa langu kiasi cha kumpa mtu mwingine alibebe. Na yale maneno ya mlangoni yalikuwa yamenikera, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimezitundika picha za watu, nimezishusha, nimezifunika kwa nailoni zisipatwe na matone. Kuitazama hata moja, sikuwahi.

Basi nikaamua nitazitazama. Nitatazama mpaka nijue nilichokifuta, na nikishajua nitakwenda kuomba msamaha kwa mdomo wangu. Nikamweleza mke wangu hivyo. Akaniita punda wa Tanga na akaendelea kukunja nguo.

Jumba la makumbusho ya sanaa, lile kubwa la mawe lililo kando ya maji, siku ya Alhamisi huwa wazi hadi jioni. Nilikwenda mara ya kwanza mwezi wa nne, moja kwa moja kutoka kazini, na suruali yangu nyeupe yenye matone ya rangi. Nikapita vyumba vya wafalme na farasi, na mabakuli ya matunda yaliyochorwa hadi nzi aliyetua juu yake. Hizo nilizikubali mara moja. Kazi safi, hakuna alama. Kisha nikaingia chumba cha Wafaransa.

Maandishi ukutani yalieleza kwamba hao ndio Waimpreshenisti, watu waliotoka na turubai zao nje, wakachora upesi kabla mwanga haujabadilika, na kwamba watu wengi wa zama zao waliwacheka wakisema hawajamaliza kazi. Niliwaunga mkono waliocheka. Nilisogea, pua nusura iguse, nikakagua mto na mashua mbili. Rangi mbichi juu ya rangi mbichi, kitu ambacho nimewakataza vijana wa kazini hadi sauti ikakauka. Pembeni turubai imeachwa wazi. Maji yamepigwa kwa mikwaruzo mifupi kana kwamba mtu alikuwa anafuta brashi. Nikahama picha ya pili, njia ya kijijini yenye theluji, nayo ilikuwa mbaya zaidi. Nyeupe imerundikwa, imekauka na matuta, chini yake buluu inachungulia. Nilitaka kujua kama nyeupe ile iliwekwa buluu ikiwa bado mbichi. Fundi hukagua kwa jicho kisha kwa kidole gumba, na mkono wangu umezoea kwenda wenyewe.

Kengele ikalia. Watu wote chumbani wakageuka. Mlinzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akaja kwa hatua ndefu na kuniuliza nafanya nini. Nikamwambia ukweli: mimi ni fundi rangi, nilitaka kujua hii nyeupe iliwekwa lini. Akatazama kidole changu, akatazama suruali yangu, akaikagua picha kwa muda ulionitoa jasho. Nilikuwa sijaigusa, kengele ilinidaka kabla. Akasema nikirudia nitatolewa nje na sitaingia tena. Nikasema nimesikia. Alipokuwa anaondoka akaongeza, bila ukali sasa, "Na usimame mbali. Picha hiyo haionekani ukiwa hapo. Nenda mpaka kwenye benchi."

Nilirudi kinyumenyume kwa sababu nilikuwa na haya ya kumpa mtu mgongo. Benchi likagusa magoti kwa nyuma, nikaketi. Nilipoinua macho, njia ile ilikuwa imeingia ndani ya ukuta na kwenda mbali. Kulikuwa na uzio, nyumba tatu, na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi akitembea kuelekea kwao kabla giza halijaingia. Theluji ilikuwa baridi. Yale matuta niliyotaka kuyapiga msasa yalikuwa nyayo. Nilifurahi, sina neno jingine, nilifurahi kifuani kama mtu aliyesikia habari njema. Haikufika dakika, nikaanza kuhesabu hatua.

Nilikuwa nimeketi hatua saba kutoka kwenye picha. Chumba cha binti yangu hakina hatua saba. Mahali pekee ambapo mtu angeweza kuuona ukuta ule mzima ni juu ya kitanda chake, kwenye kona ya dirisha, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa pili. Na mimi sikuwahi kuketi hapo. Kwetu baba haketi kitandani kwa binti yake aliyekua. Anapiga hodi, anaingia, anachukua kilichompeleka, anatoka, na huo ndio upendo wenyewe. Kwa miaka miwili nilipita kando ya kazi ya mwanangu, hatua moja kutoka usoni pangu, na heshima niliyompa ndiyo iliyonizuia kuiona. Niliketi kwenye benchi lile mpaka yule mlinzi alipokuja kusema wanafunga.

Toka siku hiyo kila Alhamisi nilikwenda. Nilikuwa natoka kazini, napanda treni, nakwenda moja kwa moja hadi chumba kile, naketi. Pale kazini nina mwenzangu, Mkongo wa Bukavu, aliyenikuta nabadilisha suruali mapema. "Alhamisi tena, patron? Iko madame mwenye anakungojea huko?" Nikamwambia yupo, amevaa nguo nyeusi na anatembea kwenye theluji, na hajawahi kugeuka. Akacheka mpaka akakaa juu ya kopo la rangi.

Nilianza kwa ukaidi, na sijui ni Alhamisi gani ambapo ukaidi ule ulichanganyika na raha. Nilijifunza kwamba picha zile zinataka miguu. Unasimama mbali, unaona maji yakimeta. Unakaribia hatua tatu, maji yanaanza kuvunjika. Unakaribia zaidi, umebaki na mikwaruzo ya buluu, kijani na waridi, na hakuna maji popote. Kisha unarudi nyuma na maji yanakusanyika tena. Nilikwenda mbele na nyuma mpaka yule mlinzi akaacha kunitilia shaka. Kuna picha ya meza bustanini, watu wanakunywa chini ya miti, na mwanga umewadondokea mabegani kwa madoa. Mwanzoni niliyaona madoa yale ni kazi chafu. Mwezi wa sita, nilipokuwa nimeketi chini ya mti nakula chakula cha mchana, nikatazama mikono yangu na kuona madoa yale yale yakicheza juu yake. Nilikuwa na miaka hamsini na sita na sikuwahi kuyaona.

Lakini ya theluji ndiyo iliyonishika. Mimi nyeupe naijua kwa namba zake. Najua nyeupe ya dari, nyeupe ya milango, nyeupe ambayo mteja anaiita nyeupe na ni ya maziwa. Katika theluji ile, niliyoitazama miezi saba, nyeupe tupu ilikuwa kidogo sana, pengine kiasi cha kujaza kiganja. Iliyobaki ilikuwa buluu, zambarau, njano iliyofifia, na karibu na uzio palikuwa na waridi. Na bado ukiketi kwenye benchi hakuna mtu atakayekuambia theluji ile si nyeupe. Nilimtamani yule mtu aliyeichora, nimkamate mkono, nimwulize alithubutu vipi. Kisha nikakumbuka kwamba mtu wa kumwuliza mambo kama hayo nilikuwa naye nyumbani, nami nilikuwa nikimwuliza kama amekula.

Kila Alhamisi, kabla sijainuka, nilimtumia binti yangu ujumbe mmoja. Sikuomba msamaha ndani yake, kwa sababu msamaha nilitaka kuuomba ana kwa ana. Nilimwandikia nilichokiona. "Leo nimeona zambarau kwenye kivuli cha ukuta. Wiki iliyopita nilidhani ni uchafu." Au: "Yule mwanamke ana kikapu. Nimekwenda mara kumi na moja ndipo nimekiona." Mwisho niliandika mahali nilipo na saa ya kufunga. Alama mbili za buluu zilitokea, kuonyesha amesoma. Jibu halikuja. Mwezi wa saba halikuja, wa nane halikuja, wa tisa halikuja. Mke wangu, ambaye yeye aliongea naye kila siku, alinipa salamu fupi fupi: mzima, anakula, ana mafua. Siku moja nilimwambia nimechoka. Akanijibu, "Basi wachana nayo." Alijua anachofanya. Alhamisi iliyofuata nilikwenda mapema zaidi.

Theluji ya kwanza ilianguka mwezi wa kumi na moja. Asubuhi nilitoka kwenda stesheni, na kwenye uwanja kati ya maghorofa yetu jua lilikuwa chini kabisa, vivuli virefu. Nikasimama. Vivuli vyote vilikuwa buluu. Nimeishi na theluji miaka ishirini na saba na siku zote ningekula kiapo kwamba kivuli chake ni kijivu. Watu walinipita wakikimbilia treni, mama mmoja Msomali wa jengo letu akaniuliza kama naumwa. Nikatoa simu, nikavua glavu, nikamwandikia mwanangu ingawa ilikuwa Jumanne: "Kivuli cha theluji hapa Alby ni buluu. Wewe ulikuwa unajua."

Baada ya dakika chache akajibu neno moja, la Kiswidi. Ndiyo.

Alhamisi alikuja. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, nikasikia mtu anaketi upande wa pili, nikafahamu kwa koti lake, linalochakarika. Tulitazama mbele wote wawili. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yale miezi saba na yote yakapotea. Mficha uchi hazai, nikajiambia, na nikafungua mdomo.

"Mwanangu, nilikukosea," nikasema. "Niliifuta kazi yako. Sikujua kama ni kazi, na hilo ndilo kosa lenyewe, kwa sababu sikuuliza. Nisamehe."

Sikuwahi kumsikia baba yangu akimwambia mtu neno hilo, na mimi nilikuwa sijawahi kumwambia mtoto. Lilinitoka na sauti ya ajabu. Binti alishika zipu ya koti lake. Alipoanza, alisema kwa Kiswidi, kama tulivyozoea, mimi Kiswahili na yeye Kiswidi.

"Nilikuwa nataka kuomba nafasi ya shule ya sanaa," akasema. "Wanataka picha za kazi zako. Kazi yangu kubwa ilikuwa ile. Nilikuwa sijaipiga picha nzima, nina vipande vipande tu kwenye simu, kwa sababu mwezi wa pili mwanga wa kile chumba ni mbaya. Nilikuwa nasubiri mwezi wa tatu."

"Uliomba?"

"Niombe kwa kipi?"

Nilikuwa sijui habari ya shule. Nilidhani nimefuta picha, kumbe nilikuwa nimefuta na mwaka wake. Nilitamani anipigie kelele. Alikuwa anacheza na zipu ya koti, juu, chini.

"Ilikuwa picha ya nini?" nikamwuliza.

"Mama hakukuambia?"

"Alikataa."

Akatabasamu kidogo, hakunitazama. "Ilikuwa Alby. Uwanja, kutoka dirishani kwangu, asubuhi, watu wanakwenda stesheni. Theluji tupu na watu. Watu wadogo, kila mmoja alama mbili tatu." Akaonyesha kwa kidole hewani. "Na wewe ulikuwemo. Karibu na swichi ya taa. Umevaa nguo za kazi na umebeba kopo. Alama nne nyeupe, moja ya kijivu."

Nilizikumbuka. Zilikuwa nene kuliko zote ukutani, zimesimama kama ukoko, na ndizo nilizoanza nazo kwa msasa. Nilikumbuka hata nilichosema peke yangu siku ile, kwamba aliyeweka hii hajui kukamua brashi. Machozi yakanitoka hapo mbele ya watu na sikuyafuta. Yule mlinzi wangu alipita, akatuona, akaenda kusimama mlango wa pili.

"Nilizirudia mara nyingi zile," binti akasema. "Mtu aliyevaa nyeupe ndani ya theluji ni kazi. Ilibidi theluji yote iliyomzunguka iwe rangi nyingine ndipo aonekane."

Tukaitazama ya ukutani. Nikamwonyesha kikapu cha yule mwanamke, na waridi ya kwenye uzio. Yeye akanionyesha moshi wa nyumba ya tatu, ambao mimi kwa miezi saba nilikuwa nimeuhesabu kuwa mti. Alipokuwa ananieleza aliinuka, akaenda mbele, akarudi nyuma, mikono mgongoni, na nilimwona akitembea kama mimi. Nikamwambia ukuta upo pale pale, hakuna anayelala chumbani, ni wake akiutaka. Nikasema nitauandaa upya, niukwaruze kidogo ili rangi ishike, nitamnunulia brashi nzuri, na kwamba kwa maoni yangu aanze na kona ya dirisha.

"Baba," akasema, "maombi yanafungwa mwezi wa tatu."

"Muda upo," nikasema. "Tukianza mapema upo."

"Sijasema tunaanza. Sikiliza." Sasa alikuwa amenigeukia. Ana macho ya mama yake anaposema hapana. "Ukija kwenye ukuta ule, hutashika brashi. Hutaniambia nianze wapi. Utashika ngazi, utaosha makopo, na ukitaka kusema kitu utakaa kwanza kitandani utazame. Ukuta ni wangu. Wewe ni saidia fundi."

Hilo neno la mwisho alilisema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswidi hakina. Saidia fundi ndiye anayebeba ndoo na kukoroga, anayetumwa maji na hakai mpaka fundi akae. Mimi nilikuwa mmoja nikiwa na miaka kumi na sita, kwa baba yangu, na nilipoacha kuwa nilijiapiza kwamba sitatumwa tena na mtu kwenye ukuta.

"Jumamosi nitafika saa mbili asubuhi," akasema. "Uwe umeamka."

"Sawa, fundi," nikamwambia.